Nimestaafu, nataka boti ya kutembelea na mke wangu: ninunue ipi?

Nahodha, asalaam aleikum.

Mimi ni msomaji wako wa Tanga, Chumbageni. Mwaka jana nilitimiza miaka 60 nikastaafu utumishi wa umma. Kazi yangu ilikuwa ya mezani, lakini nimezaliwa Tongoni na marehemu baba alikuwa mvuvi wa madema. Bahari naijua ya utotoni, ya mtumbwi na ngalawa. Boti ya mashine sijawahi kumiliki hata siku moja.

Watoto wanajitegemea, nyumba imekwisha, kiinua mgongo kimetoka. Nimetenga shilingi milioni 70 kwa jambo moja nililoliwaza miaka mingi: boti yenye kabini, mimi na mke wangu tuwe tunatoka siku mbili tatu na kulala humo humo. Twende kisiwa cha Toten, twende cha Ulenge, tushuke Pangani mpaka fungu la mchanga la Maziwe, na siku moja inshallah tuvuke kwenda Wete, Pemba, ambako mke wangu ana ndugu zake.

Nimeona mbili, zote zimetumika. Ya kwanza iko Dar es Salaam. Ni ya mwaka 2006, futi 30, mashine mbili za petroli za ndani, kila moja nguvu za farasi 220, na miguu yake imetokeza nyuma. Nyeupe inang'aa, viti vya ngozi, friji, televisheni. Mwenyewe ni mgeni anayerudi kwao, anataka milioni 65. Anasema inakwenda maili 25 kwa saa. Ya pili iko Unguja. Ya mwaka 1994, futi 26, mashine moja ya dizeli ya farasi 75, ina mkuku, ule uti wa chini ya chombo, mrefu, rangi imepauka, kabini ya kizamani, choo cha kupampu kwa mkono. Bei milioni 38. Hii inatembea maili 6 na nusu tu kwa saa.

Wanangu wote wanaitaka ya kwanza. Mdogo wangu anasema niachane na boti, ninunue Noah mbili za abiria. Mke wangu hasemi kitu. Nikimuuliza ananijibu, "Unavyoona wewe." Magoti yanamsumbua, na mara ya mwisho tulipokwenda Pemba alitapika njia nzima.

Muuzaji wa Dar anataka amana ya milioni 10 wiki ijayo, na fundi anayeitunza boti hiyo amenihakikishia ni nzima. Nifanyeje?

Mstaafu, Chumbageni

*

Waaleikumu salaam, ndugu yangu.

La kwanza kabla ya yote: hiyo amana usiitume. Wiki ijayo usiitume, na wiki itakayofuata usiitume, mpaka chombo kimepandishwa juu ukakiona tumbo, na kimetoka na wewe baharini. Muuzaji anayekuharakisha anajua jambo ambalo wewe hujalijua. Na fundi anayelipwa na muuzaji si fundi wako, hata akiwa mtu mwema. Tafuta mkaguzi wa vyombo asiyefahamiana naye, umlipe kwa mfuko wako, akuandikie alichokiona. Gharama ya kupandisha boti ni ya mnunuzi, usiionee uchungu.

Sasa nikujibu swali lako bila kuzunguka. Kati ya hizo mbili, ile ya Dar iache. Ya Unguja ikague kwa moyo mgumu, na ikifaulu ichukue. Lakini kuna mtu mmoja anatakiwa aikubali kabla yako, naye ni shemeji, mkeo. Nitamfikia.

Kwa nini naikataa ile nzuri? Tuanze na mafuta. Mashine ya petroli hula karibu theluthi ya lita kwa kila farasi anayefanya kazi kwa saa moja. Wewe una farasi 440. Ukizitembeza kwa wastani, si kwa fujo, farasi 260 hivi wanafanya kazi, na hapo unachoma lita 80 hadi 90 kila saa. Kutoka Tanga mpaka Wete ni maili 37 hivi za baharini. Kwa mwendo wa maili 20 utafika kwa saa mbili kasoro kidogo, umeshatumia lita 160 na ushei. Kwenda na kurudi ni zaidi ya 320. Na kanuni ya mabaharia ni kugawa tangi mafungu matatu: fungu la kwenda, fungu la kurudi, fungu la akiba ambalo haliguswi. Kwa hiyo unatakiwa uondoke Tanga na karibu lita 500. Zidisha kwa bei ya kituo kilicho jirani yako, kisha fikiria madumu mangapi yatabebwa mpaka ufukweni, na nani atayabeba.

Ile ya Unguja, kwa maili 6 na nusu, haitumii hata nusu ya nguvu zake. Itakula kama lita 6 za dizeli kwa saa. Safari ile ile ya Wete ni saa sita, lita 36. Kwenda na kurudi 72. Mwenye pensheni anaweza kutoka na chombo hicho kila mwezi. Kile kingine atatoka nacho Idi na Krismasi, siku nyingine zote kitakuwa kinaelea kwenye nanga na kuota majani.

Halafu petroli ndani ya kabini ina hatari yake, na hili nakusihi ulisome mara mbili. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Ukivuja haupandi ukaondoka, unashuka ngamani, chini kabisa ndani ya chombo, na kutulia huko. Cheche moja ya swichi inatosha. Ndiyo maana boti zenye mashine za petroli za ndani huwekwa feni ya kufyonza hewa ya chumba cha mashine, nayo huwashwa dakika kadhaa kabla ya kugusa ufunguo. Feni hizo zikizeeka watu huzisahau. Dizeli haina tabia hiyo. Gesi ya kupikia inayo, hivyo hata kwenye boti ya dizeli mtungi ukae nje, kwenye kisanduku chenye tundu la kumwaga nje ya chombo, usikae chini ya sinki.

Ile miguu miwili iliyotokeza nyuma nayo ina mambo yake. Kila mguu unapita kwenye ubao wa nyuma, na pale panapopita pamezibwa kwa mpira wenye mikunjo kama kinanda cha mkono. Mpira huo hukaguliwa kila mwaka, maana ukipasuka boti inaingia maji ikiwa imetulia kwenye nanga, wewe uko nyumbani umelala. Miguu yenyewe ni ya aluminiamu, na maji yetu ya chumvi na joto huila haraka iwapo vipande vya zinki, vinavyowekwa viliwe badala yake, vimesahauliwa. Boti ya namna hiyo inafaa kwa mtu anayeipandisha kwenye trela kila baada ya safari.

Lakini sababu iliyonifanya niikatae kabisa ni maji yetu ya Tanga. Wewe ni mtoto wa Tongoni, unajua bamvua, yale maji makubwa. Maji yakijaa na kupwa siku za bamvua hapa kwetu, tofauti inapita meta 3. Baba zetu waliitumia tofauti hiyo kama karakana. Chombo kiliingizwa ufukweni maji yakiwa yamejaa, kikatiwa magadi, miti ya kukiegemeza, huku na huku, maji yakapwa, watu wakafanya kazi tumboni mpaka maji yaliporudi. Ile boti ya mkuku mrefu unaweza kuifanyia hivyo hivyo. Mkuku unakaa mchangani, rafadha, yaani propela, imejificha nyuma ya mkuku, haigusi kitu. Kwa gharama ya vibarua wawili na magadi manne umesugua tumbo, umebadilisha zinki, umepaka rangi ya kuzuia viumbe. Ile ya futi 30 ukipwelewa nayo, miguu ndiyo inayobeba uzito au chombo kinalala ubavu. Utahitaji kreni au reli kila mara. Na siku moja utapwelewa tu, ndugu yangu, kila anayetembea kati ya Tanga na Pangani hupwelewa. Hata mlango wa mto Pangani wenyewe una fungu la mchanga, unaingia kwa kuvizia maji.

Nisikufiche ubaya wa ile ya pili. Chombo cha mwendo huo kinatawaliwa na mkondo. Mkondo wa pwani yetu unakwenda kaskazini, na wakati wa kusi, upepo wa kusini, huongeza nguvu. Kwa maili 6 na nusu, ukielekeza omo, yaani mbele ya chombo, moja kwa moja Wete utajikuta unasukumwa juu kaskazini ya hapo, na itabidi uelekeze kusini zaidi ya unakokwenda. Mkondo wa Pemba, yaani bahari iliyo kati ya bara na kisiwa, ni maji marefu, ya mamia ya meta, nanga haifiki chini. Kwa hiyo Wete si safari ya mwaka wa kwanza. Mwaka wa kwanza ni Toten na magofu yake, Ulenge, Mwambani, Kigombe, Pangani. Maziwe nendeni mkiwa mmelala Pangani, mkafike maji yakiwa yanapwa, kwa sababu lile fungu huzama maji yakijaa. Wete mtakwenda malelezi, upepo umekufa kati ya pepo mbili, mmeondoka alfajiri, na ikiwezekana mkiwa na chombo kingine cha kufuatana.

Ubaya wa pili: chombo cha tumbo la mviringo hupepesuka kikipigwa na mawimbi ubavuni. Ndiyo, chenye kasi pia kinagonga, lakini kule kupepesuka pole pole ndiko kunakotapisha watu. Hapo ndipo tunapofika kwa shemeji.

Umeandika mistari mitatu tu juu yake, na mimi nimeisoma zaidi ya barua yote. Mwanamke mwenye magoti mabovu anayejibu "unavyoona wewe" ameshajibu. Anaogopa, na hataki kukuvunja moyo. Usimuulize tena kama anapenda boti. Muulize ataipandaje.

Hapa Tanga boti nyingi hazifungwi gatini, zinakaa kwenye nanga au boya. Mnatoka ufukweni na kihori, maji yakiwafika magotini, kisha kihori kinakaribia ubavu wa boti na mtu anatakiwa anyanyuke, ashike kitu, apandishe mguu mmoja huku kihori kinateleza chini ya mguu wa pili. Kijana hafikirii. Mtu wa magoti anaumia hapo hapo kabla safari haijaanza, na kila safari ataiwaza sekunde hizo kumi. Kwa hiyo peleka kiti cha plastiki cha jikoni siku ya kukagua. Kiweke kwenye kihori au gatini, mwache akae, kisha aone kama anaweza kuhamia tezini, nyuma mwa boti, kwa hatua fupi na mshikio wa mikono miwili. Angalia ngazi ya kuingia kabini ina vipago vingapi na vina mwinuko gani. Mwache aketi chooni mlango ukiwa umefungwa, magoti yake yanaingia? Anaweza kuinuka bila kuvutwa? Alale kitandani dakika tano. Kivuli kiko wapi saa saba mchana? Ngazi na mishikio huweza kuongezwa na fundi wa chuma cha pua, na ni pesa nzuri kuliko televisheni. Lakini choo ambacho hawezi kuinuka hakirekebishiki, na hicho peke yake kinatosha kuacha chombo.

Kisha umtoe baharini kabla hujanunua chochote. Kodi boti ya watu wanaopeleka wageni, asubuhi na mapema wakati wa umande, bahari ikiwa bado imelala, mwende Toten mrudi kabla matlai, upepo wa mashariki, haijaamka. Saa mbili zinatosha. Anywe dawa ya kichefuchefu saa moja kabla, akae nje katikati ya chombo, atazame mbali, asishuke kabini. Ile meli ya Pemba aliyotapikia huenda ilikuwa wakati wa kusi, ndani, kwenye joto na moshi. Akirudi akasema "tutarudi lini?" umepata mwenzako wa safari. Akinyamaza tena, basi ndugu yangu nunua boti ndogo ya wazi ya kuvulia wewe na rafiki zako kwa milioni 15, na Wete mpande meli.

Sasa ukaguzi. Wazee walisema kwenda tezi na omo, marejeo ngamani, na mimi kwenye kununua chombo naanzia huko huko ngamani. Boti nyingi zina pampu inayojiwasha yenyewe maji yakifika kiwango fulani. Pampu hiyo huficha uvujaji. Muombe mwenyewe aizime, kausha ngama kwa sponji na kitambaa mpaka iwe kavu kama sahani, chora alama ya chaki, kisha acha chombo kielee usiku mzima. Asubuhi rudi uangalie. Maji kidogo pale mhimili wa rafadha unapotokea ni kawaida kwa boti za kizamani, matone matone ndiyo yanayoupoza. Maji ya kufika kwenye alama ni swali. Yaonje. Ya chumvi yanatoka baharini, ya baridi yanatoka kwenye mvua au tangi, na ya mvua maana yake sitaha inavuja.

Sitaha ya faiba mara nyingi ina ubao katikati kama mkate uliobanwa. Maji yakipenya kwenye tundu la skrubu ubao huoza ndani, juu unaona rangi nzuri tu. Chukua mpini wa bisibisi, gonga pole pole kila baada ya shubiri, kama mtu anayechagua nazi sokoni. Penye uzima panaitika kavu, panalia. Penye kuoza panatoa sauti butu, kama nazi iliyoharibika. Gonga hasa kuzunguka madirisha, vyuma vya kufungia kamba, na ubao wa nyuma. Tumboni, kikiwa kimepandishwa, tafuta malengelenge. Machache ya ukubwa wa harage hayauui chombo cha miaka thelathini. Ukilitoboa likatoa maji yenye harufu ya siki, ni maji yaliyokaa ndani ya faiba. Yakiwa tumbo zima, bei ishuke sana au uondoke.

Na zile vali zinazopitisha maji tumboni, za choo na za mashine, zizungushe kwa mkono wako mwenyewe, moja moja. Kwaruza shaba yake kwa kisu. Ikiwa ya njano iko hai. Ikigeuka rangi ya waridi imeshaliwa ndani, inaweza kukatika kama biskuti.

Mashine: fika mapema kuliko mlivyokubaliana. Weka kiganja juu ya injini. Ikiwa ya moto, mwenyewe ameshaiamsha kabla hujaja, na dizeli mbovu huficha ubovu wake kwa kupashwa moto. Rudi siku nyingine. Ikiwa baridi, chomoa kijiti cha oili kabla haijawashwa. Oili nyeusi ni kawaida kwa dizeli. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ina maji ndani, na mazungumzo yamekwisha. Iwashwe, tazama ekzosi: maji yatoke kwa mfululizo pamoja na moshi. Moshi mweupe kidogo wakati wa kuwaka ni sawa ukikatika, wa bluu ni oili inayoungua, mweusi usiokatika ni mashine kulemewa au mafuta kutochomeka vizuri. Kisha mtoke, mwende nusu saa kwa nguvu zote, jicho lako likiwa kwenye geji ya joto. Na usijaribie bahari ikiwa kioo. Jaribu upepo ukiwa umeamka kiasi.

Nikueleze kwa nini nasisitiza joto. Miaka mingi iliyopita mimi na shemeji yangu tuliazima boti ya dizeli iliyokuwa inauzwa, twende Pangani tuijaribu. Muuzaji alituambia impela, kile kigurudumu cha mpira ndani ya pampu ya maji ya kupozea, imebadilishwa juzi. Tulipofika mkabala wa Kigombe geji ikapanda, mashine ikazima. Tukatupa nanga. Amari, kamba ya nanga, ilikuwa fupi, nanga ikawa inaburura mwambani, kusi inatusukuma. Walituvuta wavuvi wa ngalawa mpaka ufukweni, hawakutaka hata senti. Tulipofungua pampu tukakuta impela imebaki mabawa mawili tu, mengine yote yamekatika zamani na vipande vimeziba kipozeo. Tangu siku hiyo sipandi boti bila impela mpya mfukoni, na napima amari kwa mikono yangu: angalau mara 5 ya kina cha mahali unapotia nanga, na kipande cha mnyororo mbele.

Umesema una milioni 70. Nakuomba usitumie zaidi ya 45 kununua. Ya Unguja kwa 38 inaacha nafasi, na ukaguzi utakupa sababu za kuishusha. Kinachobaki ni betri mpya, waya mpya pale zilipogeuka kijani, rangi, zinki, magodoro, nanga nzuri, redio ya VHF ya kusikiliza chaneli 16, jaketi okozi zinazowatosha nyinyi hasa na za wageni wawili, fataki za dharura, na akiba ya mwaka mzima. Muulize pia fundi wa mashine aliye Tanga, si wa Unguja, kama anaijua mashine hiyo kwa jina na vipuri vyake anavipata wapi. Nenda Deep Sea au Sahare ukaulize. Ukikosa fundi hata mmoja, basi tafuta boti yenye kabini ndogo na Yamaha nyuma, maana hiyo kila mwalo una mtu anayeifungua.

Karatasi. Chombo cha Unguja kimesajiliwa kwa Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar, chako kitakuwa Tanga chini ya TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania. Nenda ofisi ya TASAC kabla ya kulipa, waulize utaratibu wa kuhamisha usajili na ukaguzi wao. Dai hati ya umiliki yenye jina la huyo huyo anayekuuzia. Na kama moyo bado unakuvuta kwenye ile ya Dar, muulize mgeni huyo karatasi za forodha. Vyombo vingine vya wageni huingia nchini kwa muda bila kulipiwa ushuru, na ushuru huo utamfuata mnunuzi. Kumbuka pia sehemu kubwa ya pwani yako ni Hifadhi ya Bahari ya Silikanti tangu 2009, ina taratibu na ada zake za kuingia na mahali pa kutia nanga.

Mdogo wako na Noah zake usimkasirikie, anakuonea huruma kwa fedha zako. Mwambie umefanya kazi mpaka miaka 60, na umejiwekea sehemu isiyohitaji kuzaa.

Basi mpango wako ni huu. Wiki hii mtoe shemeji Toten. Akikubali, pandeni naye kwenda Unguja, mpeleke na kile kiti cha plastiki. Zima pampu, kausha ngama, chora chaki, mkalale kwa jamaa zenu. Asubuhi niandikie maji yamefika wapi.